Kasisi Walter Lini wa Vanuatu: ardhi ilimpandisha, ardhi ikamtikisa

Mei 1988 maandamano yaliingia mitaa ya Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, nchi ya visiwa katika Pasifiki Kusini, yakageuka ghasia. Maduka yaliharibiwa na polisi wakarusha mabomu ya machozi. Walioandamana hawakuwa walowezi wa Kifaransa wala vibaraka wao. Walikuwa wenyeji wa vijiji vya kandokando ya mji, na walichodai ni ardhi ya mababu zao. Serikali waliyoikabili iliongozwa na kasisi wa Anglikana ambaye miaka 17 nyuma aliingia siasa kwa sababu wageni walikuwa wakiuza ardhi ya mababu.

Nimelianza jambo katikati kwa makusudi. Habari za Walter Hadye Lini kwa kawaida husimuliwa kama habari za baba wa taifa: akapigania uhuru, akaupata, akatawala miaka 11, akaugua, akaanguka. Yote ni kweli. Lakini ukiishika ardhi kama uzi na kuufuata toka mwanzo hadi mwisho, unaona kwamba mambo yaleyale yaliyomfikisha Ikulu ndiyo yaliyomrudia.

Huku kwetu jina lake halijulikani sana, na hilo ni deni, maana yeye alitujua. Alipoeleza siasa ya chama chake aliiita ujamaa wa Kimelanesia (Melanesia ni visiwa vya watu weusi wa Pasifiki), na chimbuko lake halikufichwa: ni ujamaa wa Mwalimu Nyerere. Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulipofanyika Juni 1974 katika Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wajumbe kutoka visiwa vyake walikuwamo.

Zizi la mafahali wawili

Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Huko New Hebrides, kama visiwa hivyo vilivyoitwa enzi hizo, walikaa miaka 74.

Mwaka 1906 Uingereza na Ufaransa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake na hakuna aliyeona faida ya kugombana, zilikubaliana kuvitawala visiwa vile kwa ubia. Si kwa kugawana, huyu kaskazini na yule kusini. Zilitawala zote mbili mahali pamoja. Kulikuwa na Kamishna Mkazi wa Kiingereza na Kamishna Mkazi wa Kifaransa, polisi wa huyu na polisi wa yule, hospitali mbili, jela mbili, mifumo miwili ya shule. Bendera mbili zilipepea kwa urefu uleule, isije moja ikaonekana imeipita nyingine. Ilikuwapo pia Mahakama ya Pamoja, ambayo rais wake wa kwanza aliteuliwa na Mfalme wa Hispania ili asiegemee upande. Wenyewe Waingereza walilipotosha jina la kisheria la utawala huo wakauita kwa neno lenye maana ya vurugu tupu.

Katika vurugu hizo kuna jambo moja ambalo halichekeshi. Mfaransa aliyeishi pale alikuwa raia wa Ufaransa, Mwingereza raia wa Uingereza. Mwenyeji hakuwa raia wa popote. Hakuwa na pasipoti. Akitaka kusafiri alipewa hati ya utambulisho tu, karatasi inayosema huyu ni nani bila kusema ni wa nani. Lini alizaliwa katika hali hiyo mwaka 1942, kaskazini mwa kisiwa cha Pentecost, na akaishi nayo mpaka alipokuwa na miaka 38.

Misheni ya Anglikana ndiyo iliyomsomesha: shule visiwani, chuo cha theolojia Siota katika Visiwa vya Solomon, kisha chuo cha St John's mjini Auckland, New Zealand. Auckland alikutana na wanafunzi wa visiwa vingine vya Pasifiki, na pamoja wakaanzisha umoja wa wanafunzi na jarida dogo la kuandikia mawazo yao. Alipata daraja ya ukasisi mwaka 1970 akarudi kuhudumia parokia katika kisiwa cha Aoba, ambacho leo kinaitwa Ambae.

Mmarekani na viwanja vya Santo

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika kisiwa cha Espiritu Santo mfanyabiashara wa Kimarekani, Harold Peacock. Alinunua ardhi kutoka kwa walowezi, akaikata viwanja, akaviuza kwa Wamarekani waliotaka pahali pa kustaafia penye jua na mchanga mweupe. Wengi walinunua bila kupaona.

Kwa sheria za ubia hakukuwa na kosa kubwa hapo. Walowezi, hasa wa Kifaransa, walikuwa wamejikusanyia hati za maeneo makubwa tangu karne ya 19. Mara nyingi mzee mmoja wa kijiji alipewa bunduki au nguo akatia alama kwenye karatasi, na karatasi ikasema ameuza bonde zima. Walilima minazi wakauza mbata, kisha wakaanza kufuga ng'ombe. Hadi hapo mwenyeji aliweza kujiambia kwamba mzungu anatumia tu. Kiwanja kilichopimwa na kuuzwa ng'ambo kwa mtu wa tatu kilikuwa jambo jingine. Kwa mila za Melanesia ardhi si bidhaa. Mtu hutoka kwenye ardhi, na kuiuza moja kwa moja ni sawa na kumuuza mama.

Mwaka 1971 Lini na walimu wawili, Donald Kalpokas na Peter Taurakoto, walianzisha chama cha utamaduni ambacho baada ya muda mfupi kiligeuka chama cha siasa, New Hebrides National Party. Walikuwa na kijarida, walikuwa na hoja ya ardhi, na walikuwa na kitu cha tatu ambacho naona wachambuzi wengi hukipita haraka: makanisa. Katika nchi ya visiwa 80 hivi, lugha zaidi ya 100 na barabara chache, ni nani mwingine aliyekuwa na mtu anayejua kusoma katika kila kijiji, na mashua inayopita huko mara kwa mara? Mchungaji wa kijiji alikuwa tawi la chama tayari, na halikugharimu senti. Kanisa lilimpa Lini ruhusa ya kuacha parokia akaongoza chama kwa muda wote. Mwaka 1974 akasimama New York mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni.

Mtandao huo ulikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ndio kidonda cha kwanza. Makanisa yake yalikuwa ya Kiprotestanti na shule zake za Kiingereza. Kijiji cha Kikatoliki kilichosoma Kifaransa kilikisikia chama hicho kama habari za jirani. Ufaransa iliuona ufa huo ikautia kabari kwa kusaidia vyama vya upinzani vya wasemao Kifaransa.

Kidonda cha pili kilikuwa Santo kwenyewe. Kabla Lini hajarudi kutoka masomoni, mtu aitwaye Jimmy Stevens alikuwa ameshaanzisha harakati ya ardhi, Nagriamel, makao yake Fanafo ndani ya kisiwa. Jina limetokana na majani ya mimea miwili, mmojawapo ni namele, aina ya mti kama mtende ambao jani lake likichomekwa mahali huwa ni katazo: usipite, usichume. Stevens alikuwa mchanganyiko wa damu ya Uskoti, Tonga na visiwani, mwenye ndevu nyeupe na wake wengi, na madai yake ya mwanzo yalikuwa yaleyale ya Lini: walowezi wasiingize ng'ombe kwenye misitu ya wenyeji. Watu hawa wawili walipaswa kuwa upande mmoja. Lakini Lini alitaka nchi moja yenye serikali moja, na Stevens alitaka mila ijitawale yenyewe Santo. Kadiri chama cha Lini kilivyopata nguvu, Stevens alizidi kusogea kwa walowezi na kwa matajiri wa Kimarekani wa Phoenix Foundation, waliokuwa wakitafuta kisiwa cha kufanyia majaribio ya nchi isiyo na kodi. Mtetezi wa ardhi akawa mshirika wa wanunuzi wa ardhi.

Kususa, na serikali ya kando

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi ulifanyika Novemba 1975. Chama cha Lini kilipata viti 17 kati ya 29 vilivyopigiwa kura na wananchi wote, lakini viti vingine viliwekwa kwa ajili ya wafanyabiashara na machifu, kwa hiyo ushindi haukuwapa utawala. Januari 1977 wakabadili jina kuwa Vanua'aku Pati, yaani chama cha ardhi yangu. Novemba mwaka huohuo wakasusia uchaguzi kabisa, wakatangaza Serikali ya Muda ya Wananchi, wakapandisha bendera yao vijijini. Mjini Vila siku hiyo yalipigwa mabomu ya machozi.

Kumbuka hatua hiyo, tutarudi kwake. Chama kilichoshindwa kupata haki ndani ya bunge kilitoka nje, kikaunda serikali ya pili na kukusanya ushuru katika maeneo kiliyoyashika. Na mbinu ikafaulu. Mwisho wa 1978 wakoloni walilazimika kuunda serikali ya umoja chini ya padri wa Kikatoliki, Gérard Leymang, na Lini akawa naibu wake. Makasisi wawili, wa Roma na wa Anglikana, juu ya serikali moja ya kuaga wakoloni. Sijui nchi nyingine iliyowahi kuwa na sura hiyo. Novemba 1979 uchaguzi ukarudiwa, safari hii kwa haki zaidi. Vanua'aku Pati ilitwaa viti 26 kati ya 39, na Lini akawa Waziri Kiongozi.

Vita vya minazi

Waandishi wa nje walivipa vita vilivyofuata jina la vita vya nazi. Mimi nasema vya minazi, msomaji asije akadhani Hitler alifika huko.

Tarehe 28 Mei 1980, miezi miwili kabla ya uhuru, watu wa Stevens wakiwa na pinde na mishale na bunduki chache waliuteka mji wa Luganville, Santo, wakatangaza Jamhuri ya Vemerana. Kisiwa cha Tanna nako kukachafuka. Mwanasiasa wa upinzani Alexis Ioulou akauawa. Lini alikuwa kiongozi aliyechaguliwa lakini hakuwa na askari wake, na polisi wote walikuwa wa mabwana wawili ambao kila mmoja alimsubiri mwenzake. Julai wanajeshi wa Kiingereza na wa Kifaransa walitua Santo. Walilinda mji, na Stevens aliachwa Fanafo kama alivyokuwa.

Kilichofuata, kwa maoni yangu, ndiyo kazi bora kabisa ya maisha ya Lini. Katikati ya Julai wakuu wa nchi za Pasifiki Kusini walikutana Tarawa, Kiribati. Lini alikwenda kuomba, si fedha, bali askari, na si kwa wazungu, bali kwa jirani Mmelanesia. Julius Chan, Waziri Mkuu wa Papua New Guinea, alikubali. Lini hakuahirisha uhuru hata siku moja: bendera ilipandishwa 30 Julai 1980 huku kisiwa kikubwa kuliko vyote kikiwa mikononi mwa waasi. Ubia ukafa siku hiyo, na pamoja nao ukafa uwezo wa Paris kuzuia chochote. Agosti askari wa Papua New Guinea wakaingia Santo, watu weusi wanaozungumza pijini inayosikilizana na Kibislama cha Vanuatu. Uasi ukayeyuka katika wiki chache. Mwana wa Stevens aliuawa gari alilokuwamo lilipopita kizuizi kwa nguvu, na baba akajisalimisha. Alihukumiwa miaka 14 na nusu jela.

Jina la nchi mpya lenyewe lilisema kisa chote: vanua ni ardhi, tu ni kusimama. Katiba ikaandikwa kwamba ardhi yote ya Jamhuri ni ya wamiliki wa kimila na vizazi vyao. Hati za walowezi zikakoma siku ya uhuru. Aliyetaka kubaki alilazimika kupatana na wenyewe na kukodi, kwa muda usiozidi miaka 75. Kwenye bendera likawekwa jino la nguruwe lililojikunja, ndani yake makuti mawili ya namele.

Ndani ya mji

Miaka saba ya kwanza Lini alikuwa sauti kubwa kuliko nchi yake ya watu laki moja na ushei. Alizuia manowari za Kimarekani kutia nanga kwa sababu hazikutaka kusema kama zina silaha za nyuklia, akaiingiza nchi katika kundi la nchi zisizofungamana na upande wowote, akawatetea Wakanaki, wenyeji wa New Caledonia inayotawaliwa na Ufaransa, akaitambua Sahara Magharibi. Januari 1987 alisaini mkataba wa uvuvi na Urusi ya Kisovieti wa mwaka mmoja, na Canberra na Washington zikakosa usingizi kwa ajili ya meli chache za jodari.

Mtu wake wa karibu katika hayo alikuwa Barak Sope, katibu mkuu wa chama. Mwaka 1981 Wafaransa walipomkatalia Sope kuingia New Caledonia, Lini alimfukuza balozi wa Ufaransa. Shika hilo pia.

Februari 1987 Lini alipatwa na kiharusi akiwa Washington. Alipona kwa sehemu, na hakutaka kung'atuka. Sope akaanza kuutaka uongozi. Chama kilishinda tena uchaguzi mwishoni mwa mwaka huo, viti 26 kati ya 46, lakini ndani kilikuwa kimepasuka.

Hapo ndipo ardhi ikarudi. Sope ni mtu wa Ifira, kisiwa kidogo ndani ya bandari ya Vila. Watu wa Ifira, Pango na Erakor ndio wenye ardhi ya asili ambayo mji umejengwa juu yake. Baada ya uhuru serikali iliichukua ardhi ya miji kuwa ya umma, kwa hoja kwamba mji ni wa taifa zima, na ikaundwa kampuni ya kuisimamia kwa faida ya vijiji hivyo. Mapema 1988 Lini aliivunja kampuni, akidai haikuendeshwa vizuri. Kiutawala huenda alikuwa na sababu; kusema kweli mahesabu ya vyombo vya aina hiyo mara nyingi ni kizungumkuti popote duniani. Kisiasa, alikuwa amesimama mahali pa Kamishna Mkazi, akiwaambia wenyeji kwamba ardhi yao itasimamiwa na ofisi. Maandamano ya Mei yalitoka hapo, na baada yake Sope akafutwa uwaziri. Julai yeye na wenzake wanne wakapokonywa ubunge. Wapinzani wasemao Kifaransa waliposusa vikao kwa kupinga, nao wakahesabiwa wamepoteza viti. Mwanasiasa aliyeujenga uhuru kwa kususa akawa anawafukuza wanaosusa.

Mahakama ya Rufani ilimrudishia Sope ubunge, lakini mambo yalikuwa yameshavuka mahakama. Desemba Rais Ati George Sokomanu, mjomba wa Sope, alitangaza kulivunja Bunge na kumwapisha Sope awe Waziri Mkuu wa muda. Ilikuwa serikali ya kando, kama ile ya Novemba 1977, na walioiunda walikuwa wanafunzi wa shule ileile. Tofauti ni kwamba 1977 polisi walikuwa wa wakoloni wawili wasiosikilizana, na 1988 polisi walikuwa wa Lini. Wote walikamatwa. Machi 1989 Sokomanu alihukumiwa miaka sita, Sope mitano. Mwezi uliofuata rufani ikawaachia huru.

Lini alishinda, na ushindi huo ulimharibu. Aliona kwamba kufukuza kunafanya kazi. Kufika 1991 alikuwa akiwaondoa mawaziri na maofisa waliompinga na kujirundikia wizara zao. Agosti mkutano mkuu wa chama, katika kijiji cha Mele, ukamwondoa uongozini ukamweka Kalpokas, mmoja wa wale watatu wa 1971. Septemba Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani naye.

Angeweza kurudi Pentecost akabaki mzee wa taifa. Badala yake aliunda chama kipya, National United Party. Katika uchaguzi wa Desemba kura za wasemao Kiingereza ziligawanyika sawasawa, viti 10 kwa chama kipya na 10 kwa cha zamani, na chama cha wasemao Kifaransa cha Maxime Carlot Korman kikaongoza kwa 19. Na Lini akaungana na nani kuunda serikali? Na Korman. Aliyepigana nao tangu 1975 akawaingiza Ikulu kwa mkono wake. Wapo wanaosema hiyo ilikuwa hasira. Naona pia lilitoka jema lisilokusudiwa: ule ukuta wa lugha na dhehebu uliojengwa enzi za ubia ulibomoka katika siku chache za mapatano, na tangu hapo serikali za Vanuatu zimekuwa mseto wa kila rangi, zikianguka na kuundwa upya kila mara. Muungano na Korman wenyewe ulivunjika 1993.

Mwaka 1998 Kalpokas, yuleyule wa Mele, alimchukua Lini kuwa naibu wake. Oktoba wakaachana tena. Tarehe 21 Februari 1999 Lini alifariki Port Vila, akazikwa kisiwani kwake. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa. Mdogo wake Ham Lini alikuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 2004. Dada yao Hilda alikuwa ameshaingia Bungeni tangu 1987, miongoni mwa wanawake wa kwanza.

Na viwanja? Katika Efate, kisiwa cha mji mkuu, mwambao mrefu umekodishwa kwa wageni kwa ajili ya nyumba za ufukweni na hoteli, mara nyingi kwa sahihi ya mzee mmoja au ya waziri wa ardhi kwa niaba ya ukoo unaogombana. Katiba haijavunjwa, hakuna aliyeuza. Mikataba ya miaka 75 iliyosainiwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru itaanza kufikia mwisho kati ya 2055 na 2060, na mikataba mingi inataka ukoo umlipe mpangaji thamani ya alichojenga kabla ya kurudishiwa ardhi yake.